Chombo juu ya chombo

Pale Ahero, kwenye kituo cha mafuta, niliwahi kukuta Land Cruiser ikivuta trela la safari. Lilikuwa na hema la kukunjwa, tangi la maji, jiko la gesi ndani ya droo, na juu, zimekazwa kwa mikanda, pikipiki mbili za magurudumu manne, zile za kuendea matopeni na mchangani. Vijana wa boda boda walikuwa wamelizunguka wakilikagua kama ng'ombe wa mnadani. Mmoja akauliza: "Kwani hizi si ziko na injini? Mbona zinabebwa?"

Wenzake walicheka, lakini naona aliuliza swali kubwa kuliko alivyodhani. Ufuo huu wetu wa ziwa, toka Muhuru hadi Sio Port, umebadilishwa na mashine zilizofika zikiwa zimebebwa. Mashua ilipanda vichwani mwa watu, behewa likapanda juu ya gari lingine, na baadaye mabehewa yakapanda meli. Kila mara palikuwa na hesabu mbili: kinachobebwa kina uzito gani, na nani anavuta. Vitabu vimehifadhi hesabu ya kwanza vizuri sana. Ya pili, mpaka uitafute kwa tochi.

Tuanze na mashua. Mwaka 1874 Henry Morton Stanley aliagiza mashua kwa fundi James Messenger wa Teddington, kando ya mto Thames. Ilikuwa ya mbao za mwerezi, urefu wa futi 40, na iliundwa kwa vipande vitano vya kufunguliwa na kuunganishwa tena. Akaiita Lady Alice, jina la mchumba wake Mmarekani. Ilipofika Unguja vipande vikapimwa, na kumbe vilikuwa vizito na vipana mno. Seremala ikabidi avikate upya. Njia za msafara siku hizo zilikuwa za watu kufuatana mmoja mmoja. Kipande kipana kingekwama kwenye miiba ya kwanza.

Msafara ukatoka Bagamoyo Novemba 1874 ukiwa na watu zaidi ya 300. Wabebaji wa mashua walichaguliwa kwa nguvu zao, wakalipwa zaidi ya wenzao, wakawa wanapokezana njia nzima. Wengi wa msafara walikufa njiani kwa njaa, kwa magonjwa na kwa mapigano. Mwisho wa Februari 1875 wakafika Kagehyi, upande wa Mwanza, na Machi 8 mashua ikaanza safari majini. Ndani ya miezi miwili ilikuwa imelizunguka ziwa lote, na mwambao wetu ukiwemo. Shuleni tulifundishwa kwamba Stanley ndiye aliyelizunguka ziwa. Sawa. Lakini mashua ile iliwapanda watu kwa siku kama mia moja kabla ya mtu yeyote kuipanda yeye.

Mzigo wa mpagazi mmoja ulikuwa na kipimo chake, ratili 60 au zaidi kidogo, yaani kama kilo 30. Hicho ndicho kilikuwa barabara ya wakati ule. Chochote kisichogawanyika kwa ratili 60 kilikuwa na taabu ya kwenda bara. Ndiyo maana meli ya mvuke William Mackinnon, iliyoundwa na kampuni ya Bow, McLachlan huko Paisley, Scotland, ilifunguliwa yote, ikatiwa namba kipande kwa kipande na kupakiwa kwenye masanduku. Jina lilikuwa la yule tajiri wa Kiskoti aliyeanzisha kampuni ya Imperial British East Africa. Vipande vyake vilichukua miaka kufika ziwani. Meli ilishushwa majini Kisumu mwaka 1900. Fikiria tu umefungua sanduku la mwisho, halafu namba moja haipo.

Sasa nisema ninakotoka, kwa sababu hadithi hii inanigusa. Mimi ni wa Port Victoria, ile ya Bunyala, kaunti ya Busia, jirani na mto Nzoia unaotufurikia. Mgeni akisikia jina la mji wetu huuliza bandari iko wapi, nasi huonyesha mashua za omena. Jina hilo ni la reli ambayo haikuja. Kapteni J.R.L. Macdonald alipopima njia ya reli kutoka Mombasa, miaka ya 1891 na 1892, mwisho wa mstari wake ulikuwa kwetu, kwenye ghuba ya Berkeley. Ujenzi ulipoanza mwaka 1896, ramani bado ilielekea huko. Baadaye wapimaji wengine wakaona kwamba ukishuka kupitia bonde la Nyando utafika majini mapema zaidi, kwenye ghuba ya Winam. Reli ikafupishwa kwa makumi ya maili. Kisumu ikawa Kisumu, na sisi tukabaki na jina.

Wazee wetu hulieleza jambo hili kama dhuluma. Mimi siioni hivyo kabisa. Mwenye kuvuta mzigo mzito hutafuta njia fupi, basi. Kinachoniuma ni kingine: reli ilikuwa ya kulifikia ziwa ili kuivuta Uganda hadi Mombasa, na watu wa ufuo wenyewe, awe wa Bunyala au wa Kisumu, hawakuwa kwenye hesabu hata kidogo.

Lakini kabla ya Nyando kulikuwa na Bonde la Ufa, na hapo nataka kukaa kidogo. Reli ilipita Nairobi mwaka 1899, ikapanda mpaka ukingoni, kisha ikasimama. Mbele yake ardhi ilikatika ghafla. Kujenga njia ya kudumu ya kuteremka taratibu kungechukua muda mrefu, na wakubwa wa London walikuwa na haraka. Wahandisi wakalaza njia ya muda iliyoshuka moja kwa moja mlimani, kwa kamba za chuma.

Kwenye sehemu zilizokuwa wima kupita kiasi, behewa halikuteremka kwa magurudumu yake lenyewe. Lilisukumwa juu ya jukwaa lenye magurudumu, lililotengenezwa kwa umbo la kabari ili mgongo wake ubaki sawa hata mlima ukiinama. Jukwaa lenye mzigo lilishuka likishikiliwa na kamba, na uzito wake ukalivuta jingine kupanda. Behewa limebebwa na gari, na gari limebebwa na kamba! Reli, vyuma vya madaraja, chakula na maji ya wafanyakazi, vyote vilipita hapo, mpaka njia ya kudumu ilipokamilika. Ukipita leo barabara ya Mai Mahiu ukiwa na trela nyuma, ukasikia breki zinaanza kunuka, utawaelewa wale mafundi. Dereva mmoja wa njia ya Busia aliniambia kwamba kupanda mlima ni kazi ya injini, lakini kushuka ni kazi ya dereva, maana hapo mzigo ndio unaotaka kukuendesha wewe. Akaniambia pia uzito uelekee mbele ya ekseli, ukae kidogo juu ya ndoano. Ukiurundika nyuma, trela litaanza kucheza mkia, na likishaanza hulirudishi kwa kupiga breki.

Waliovuta kwenye reli ile walikuwa wafanyakazi wapatao 32,000 walioletwa kutoka India kwa mkataba, pamoja na Waafrika. Karibu 2,500 kati ya hao wa kutoka India walikufa. Desemba 1901 njia ilipofika Kisumu, mahali pakaitwa Port Florence, na wengi husema ni kwa heshima ya Florence Preston, mke wa msimamizi wa ujenzi. Meli zilizofuata, safari hii zikiletwa vipande kwa treni, ziliitwa Winifred na Sybil. Hebu zipange: Alice, Florence, Winifred, Sybil. Wanawake wanne, na hakuna hata mmoja aliyebeba ratili moja ya mizigo hiyo. Siwalaumu, hawakuulizwa. Ila nimetafuta kwenye ziwa zima meli ya enzi hizo iliyopewa jina la mpagazi, nimeikosa.

Trela hasa, la kufungwa kwa chuma nyuma ya injini, lilisubiri vita. Juni 1915 majeshi ya Waingereza yalipanda meli Kisumu kwenda kuishambulia Bukoba ya Wajerumani. Kwa ziwa letu meli zilikuwapo tayari. Ziwa Tanganyika hazikuwapo. Mwaka huohuo mashua mbili za injini, Mimi na Toutou, kila moja futi 40, zilitoka Uingereza hadi Cape Town, zikapanda treni mpaka Fungurume, Katanga. Kutoka hapo hakukuwa na reli wala barabara, ila milima ya Mitumba.

Zikawekwa juu ya matrela maalum, zikafungwa nyuma ya injini mbili za mvuke, yale madude ya kulimia mashamba Ulaya. Kwanza watu walikata miti na kujenga madaraja zaidi ya mia. Injini zikishindwa kupanda, maksai walifungwa pamoja nazo. Maksai wakishindwa, kamba zilizungushwa kwenye miti. Na injini ya mvuke hunywa maji kuliko ng'ombe. Kiangazi kilipokausha mito, wanawake wa vijiji walibeba maji vichwani ili kuzinywesha. Hapo ndipo mlolongo unapoonekana wote: mashua iko juu ya trela, trela linavutwa na injini, na injini inategemea mtungi kichwani mwa mama mmoja wa Katanga. Desemba 26, 1915, Mimi na Toutou ziliiteka meli ya Kijerumani Kingani kwa mapigano ya dakika chache. Kamanda wao, Geoffrey Spicer-Simson, ameandikiwa vitabu.

Kwetu Nyanza vita vilivuta kwa njia nyingine. Mwaka 1917 John Ainsworth, aliyekuwa mkuu wa jimbo hapa Kisumu, alipewa kazi ya kukusanya wapagazi wa jeshi, na wanaume wengi wa ufuo huu wakapelekwa kubeba risasi na unga kusini, kule mbung'o walikokuwa wakimaliza maksai na farasi. Lori halingepita, mnyama alikufa, ikarudi palepale kwenye ratili 60. Makumi ya maelfu ya wapagazi wa vita hivyo hawakurudi makwao. Nairobi wana Kariokor, Dar es Salaam wana Kariakoo, majina yaliyotokana na lile jeshi la wapagazi. Kisumu tuna mkokoteni, ambao angalau jina lake linasema wazi kwamba kuna mtu anakokota. Nenda Kibuye asubuhi uwaone wakipanda na magunia ya viazi, jasho linawatoka, matatu zinawapigia honi watoke njiani.

Halafu kuna MV Uhuru. Hii ndiyo ninayoipenda, na sifichi. Iliundwa Scotland na Yarrow, ikaletwa vipande kama nyanya zake, ikaunganishwa Kisumu na kuanza kazi mwaka 1966. Sitaha yake imelazwa reli. Pale gatini mabehewa husukumwa moja kwa moja kutoka nchi kavu hadi ndani ya meli bila kupakuliwa hata gunia, yakavuka hadi Port Bell, yakatolewa na kuendelea Kampala kwa magurudumu yake. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika mwaka 1977, meli ikaendelea kwa kuchechemea, baadaye ikalala gatini miaka mingi. Mwaka 2019 ikafufuliwa.

Kupakia meli ya namna hii ni kazi ya taratibu, kama lile trela la pale Ahero. Huwezi kujaza mabehewa upande mmoja kwanza ukaja kwenye mwingine baadaye, meli italala. Yanaingizwa kwa zamu, kushoto na kulia, yanafungwa kwa minyororo, na kuna watu wa kutembea katikati yake wakikaza na kukagua, mmoja mmoja, kabla kamba za gatini hazijafunguliwa.