Mji wa Kidijitali ni Hoja: Kuyajenga Upya Magofu ya Kisiwa cha Manda

Ras Kitau iko kusini-magharibi mwa kisiwa cha Manda, katika visiwa vya Lamu nchini Kenya, ikitazamana na Shela ng'ambo ya mkondo wa bahari. Mapokeo ya Lamu na Pate yanaitaja Kitau pamoja na miji mingine miwili ya kisiwa hicho, Manda na Takwa, ambayo yote ilihamwa. Leo mgeni anayeshuka rasini hupokewa na hoteli na majumba ya kupanga kabla ya kuona jiwe lolote la kale. Wazo la kuijenga upya miji hiyo kwa kompyuta, mtu avae miwani ya uhalisia pepe na kupita katika vichochoro vyake, lina mvuto wa haki. Makala haya yanaliunga mkono kwa sharti moja: mji wa kidijitali uchukuliwe kuwa hoja ya kitaaluma, wenye ushahidi ulio wazi na unaowajibika kwa warithi wa magofu.

Tutenganishe kwanza kazi mbili ambazo huchanganywa. Ya kwanza ni kupima. Mradi wa Zamani wa Chuo Kikuu cha Cape Town, ulioasisiwa na Heinz Rüther, umepima kwa leza na picha majengo ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara, pwani ya Tanzania, na ya Lamu. Mwaka 2020 Google Arts & Culture, kwa kushirikiana na mashirika ya urithi ya CyArk na ICOMOS, iliiweka Kilwa Kisiwani mtandaoni ili kuonyesha jinsi bahari inavyoila pwani yake. Kazi hii huhifadhi kile kilichosimama. Ya pili ni kujenga upya, nayo huanzia pale ukuta unapoishia: paa lilikuwa na kimo gani, nani alilala chumba kipi, sokoni kuliuzwa nini. Hapo leza haina jibu. Anayeamua ni mtafiti.

Uamuzi huo una uzito gani? Historia ya utafiti wa visiwa vya Lamu inatosha kutujulisha. Mwanaakiolojia Neville Chittick, katika kitabu chake cha mwaka 1984 kuhusu mji wa Manda, alitilia mkazo uhusiano wa mji huo na Ghuba ya Uajemi na kuwapa wahamiaji nafasi kubwa katika chanzo chake. Mark Horton, aliyechimba Shanga katika kisiwa cha Pate na kuchapisha matokeo mwaka 1996, alipata chini ya msikiti wa mawe mfululizo wa misikiti ya awali, ya kwanza ikiwa ya miti na ya karne ya 8, katikati ya makazi ya udongo na vyungu vya wenyeji. Kwake, mji wa Waswahili ulikua kutoka ndani. Lau modeli ya Manda ingetengenezwa mwaka 1984, watoto wa shule wangetembezwa katika koloni la wageni. Kitabu hujibiwa na kitabu. Mandhari inayomzunguka mtazamaji pande zote haimwachii mahali pa kuuliza, na ndiyo sababu hatari yake ni kubwa zaidi.

Hatari nyingine ni upendeleo wa mawe. Kuta za matumbawe na chokaa hudumu. Nyumba za miti na udongo zilizoezekwa makuti huoza. Huko Songo Mnara, wanaakiolojia Stephanie Wynne-Jones na Jeffrey Fleisher walichunguza maeneo yaliyoonekana kuwa matupu na kukuta humo dalili za nyumba za udongo na shughuli za kila siku. Modeli inayofufua mawe peke yake humfufua tajiri na kumzika mara ya pili mvuvi, mfinyanzi na mtumwa.

Takwa ndipo pa kuanzia. Ukuta wa mji unaonekana, msikiti wa Ijumaa umesimama na nguzo yake juu ya ukuta wa kibla, na nje ya mji liko kaburi la nguzo lenye tarehe ya 1094 Hijria, yaani 1683 hivi. Hivyo vichorwe kikamilifu. Mapaa ya boriti za mikoko, ambayo tunaweza kuyakisia kwa kufuata nyumba za Lamu, yachorwe kwa rangi hafifu. Sababu ya watu kuhama ina maelezo zaidi ya moja, yakiwemo maji kuingiwa na chumvi na ugomvi na Pate. Basi mtazamaji apewe yote, kila moja na ushahidi wake. Mkataba wa London kuhusu taswira za kompyuta za urithi, uliotolewa mwaka 2006, unadai jambo hilohilo: kumbukumbu za maamuzi ziandikwe na zisomeke.

Wapo watakaosema kwamba mashaka yanaharibu uzuri, na kwamba umma unataka mji mzima. Fasihi ya pwani inawajibu. Katika utenzi wa Al-Inkishafi, Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir aliweka fahari ya majumba ya Pate na uharibifu wake bega kwa bega, na wasomaji wa karne mbili hawakuona kwamba uzuri umepungua. Msomaji wa Kiswahili amezoea kushika picha mbili kwa pamoja.

Limebaki suala la mamlaka. Wenyeji wa Shela hunasibisha asili yao na kisiwa cha Manda, na desturi yao ya kwenda Takwa kuzuru na kuomba mvua imeendelea muda mrefu baada ya mji kuhamwa. Kwao Takwa ni ziara yenye adabu zake, na kaburi lile si pambo la mchezo. Wao ndio wa kuamua kipi kionyeshwe, kipi kisitirwe, na simulizi itoke kwa lafudhi gani. Data asilia nazo zikae Lamu, chini ya Makumbusho ya Taifa ya Kenya, zisiishie katika seva za ng'ambo ambazo mwalimu wa Lamu atazifikia kwa kuomba ruhusa.

Kwa hiyo wito wangu kwa Makumbusho, vyuo vikuu na wafadhili ni huu: kabla ya kulipia miwani, lipieni upimaji wa Kitau na Takwa, ukarabati wa kuta kwa chokaa, na mafunzo ya vijana wa Lamu watakaoijenga modeli hiyo. Modeli isiyotimiza masharti haya isipewe kibali.