Presha ya kupimia mabomba ya mafuta: mara 1.5 au 1.25?

Kabla bomba jipya la mafuta halijaanza kazi, hujazwa maji na kupandishwa presha kupita ile ya kawaida, ili maungio mabovu yavuje maji badala ya petroli. Kiwango hutegemea kanuni iliyotajwa kwenye mkataba. ASME B31.3 ya Marekani, inayotumika kwa mabomba ya viwandani, hutaka angalau mara 1.5 ya presha ya usanifu, kwa dakika 10 au zaidi. B31.4, ya mabomba ya masafa marefu, hutaka angalau mara 1.25 kwa saa 4. Bomba la bar 20 basi hupimwa kwa bar 30 au 25.

Hesabu inayosahaulika ni ya mwinuko. Kila mita 10 za kimo cha maji huongeza karibu bar 1. Geji ikifungwa juu ya kilima na bomba likashuka mita 50, bar 30 za juu huwa 35 bondeni. Anayeagiza vali ahakikishe zinastahimili presha ya bondeni, si ya geji tu. Njia kama ya Mombasa hadi Nairobi hupanda zaidi ya mita 1,600, kwa hiyo bomba la aina hiyo hupimwa vipande vipande.

Wapo wanaopendekeza hewa ya kompresa kwa sababu maji ni ghali. Bomba la maji likipasuka presha hushuka mara moja. La hewa hulipuka.