Jedwali la elementi
Jedwali la elementi, au mfumo radidia, ni mpangilio wa elementi 118 za kikemia kwa kufuata namba atomia, yaani idadi ya protoni katika kiini cha atomi. Lina safu wima 18 ziitwazo makundi na safu mlalo 7 ziitwazo vipindi. Elementi za kundi moja kwa kawaida hufanana tabia kwa sababu ya elektroni zao za nje. Katika kundi la 1, lithiamu hutoa mapovu majini, sodiamu huyeyuka ikizungukazunguka, na potasiamu huwaka kwa mwali wa zambarau: kadiri atomi inavyokuwa kubwa, ndivyo elektroni ya nje inavyong'oka kwa urahisi.

Mwaka 1869 Mrusi Dmitri Mendeleev aliacha nafasi wazi katika jedwali lake kwa elementi ambazo zilikuwa hazijagunduliwa. Galiamu iliyogunduliwa 1875 na jermaniamu 1886 zilijaza baadhi ya nafasi hizo.