BULABO: NENO LA KISUKUMA KATIKA IBADA YA KIKRISTO

Mapadre Weupe walianza misheni ya Bukumbi, kusini mwa Mwanza, mwaka 1883. Kwa muda mrefu ngoma za Wasukuma zilihesabiwa kuwa mambo ya kipagani, na Mkristo alitakiwa ajitenge nazo. Katika miaka ya 1950 Padre David Clement, mtu wa Kanada, alishika njia nyingine huko Bujora, karibu na Kisesa. Kanisa lilijengwa kwa mfano wa nyumba ya mviringo ya Kisukuma, na humo zikatiwa alama za utemi. Kazi hiyo ilianza kabla ya Mtaguso wa Pili wa Vatikano, uliokutana 1962 hadi 1965.

Sikukuu ya Mwili wa Kristo ikaitwa Bulabo, yaani maua, nayo ikawakaribisha Bagika na Bagalu kushindana kwa ngoma. Mashindano hayo ni ya kale kuliko kanisa la Bujora, na tangu asili yametegemea dawa za waganga. Hapa ndipo penye shida. Leo asikiaye Bulabo aweza kukumbuka ngoma asiikumbuke Ekaristi. Neno likiingizwa katika ibada huja na watu wake na mambo yao. Kwa hiyo haitoshi kuuliza jinsi Kanisa lilivyoipokea ngoma; yatupasa kuchunguza pia jinsi wachezaji walivyoipokea sikukuu.