Dunia Ndani ya Pakiti ya Nywele: Soko la Kenyatta na Maandalizi ya Vijana Kikazi

Lengo la 4.7 katika Malengo ya Maendeleo Endelevu, yaliyopitishwa mwaka 2015, linataka kila mwanafunzi apate elimu ya uraia wa dunia. Kenya nayo, ilipoanza kuuaga mfumo wa 8-4-4 na kuujaribu Mtaala wa Umilisi mwaka 2017, iliutaja uraia miongoni mwa umilisi saba wa kimsingi. Kwenye karatasi hakuna la kulaumu. Lawama huanzia darasani, ambako dunia hugeuka kuwa bendera, miji mikuu na siku ya utamaduni yenye mavazi ya kukodi. Na kwa watoto wa wenye nacho, ziara fupi ya Ulaya. Kijana wa miaka 20 anayesaka riziki anahitaji jambo jingine: kujua ni nani, na yuko wapi, anayepanga bei, sheria na vyeti vinavyoitawala kazi anayoitaka. Makala haya yanashikilia kwamba ujuzi huo hujengwa kuanzia kwenye kazi yenyewe, na kwamba Nairobi haina mahali pazuri pa kulionyesha hilo kuliko Soko la Kenyatta.

Soko hili, lililo kando ya Mbagathi Way, si mbali na Hospitali ya Kitaifa ya Kenyatta, lina sifa mbili mjini: nyama choma na ususi. Mteja hajaingia vizuri ameshaitwa: "Madam, unasukwa?" Akikubali, hukalishwa kibandani na kuzungukwa na wasusi wawili, watatu, pengine wanne, wote kwenye kichwa kimoja. Kabla ya kitana kugusa nywele, mteja hutoa simu na kuonyesha picha, aghalabu ya mwanamke wa Lagos au Atlanta. Msusi huitazama kidogo tu. Kwa muda huo ameshapima unene wa mistari, urefu, idadi ya pakiti na saa zitakazotumika, na kwa hesabu hiyo anataja bei. Wasomi wengi wanaoandika kuhusu mawasiliano ya tamaduni mbalimbali hawawezi kufanya lolote la haraka na sahihi kiasi hicho. Hata hivyo, msusi huyo akiulizwa amesoma nini kuhusu dunia, atajibu kwamba hakusoma kitu.

Tuichukue basi ile pakiti ya nywele za bandia. Nyuzi zake hutokana na kemikali za mafuta ya petroli, na baadhi ya pakiti zina jina la Kanekalon, uzi wa kampuni ya Kaneka ya Japani. Darling, jina ambalo kila msusi wa Nairobi analijua, lilianza kuingia mikononi mwa kampuni ya Godrej ya India mwaka 2011. Bei ya pakiti huyumba pia na dola: Januari 2024 dola moja ilivuka shilingi 160. Kufikia katikati ya mwaka huo ilikuwa imeshuka hadi karibu 130. Mwaka mmoja kabla ya hapo, Mswada wa Fedha wa 2023 ulikuwa umependekeza ushuru wa asilimia 5 kwa nywele za bandia, kope na kucha za kubandika, pendekezo ambalo wabunge waliliondoa. Mwanafunzi wa ususi anayeweza kuzifuata nyuzi hizo kutoka kiwandani hadi bungeni ameelewa biashara ya kimataifa kuliko aliyekariri ufafanuzi wake. Pia ameelewa kwamba bei anayolalamikia haikupangwa na mwenye duka peke yake.

Kuna pingamizi la haki hapa. Soko hufundisha uhusiano, halifundishi mamlaka. Msusi hujua pakiti imepanda bei. Hajui amwulize nani, wala aungane na nani kuuliza. Udhaifu huo hugharimu zaidi kijana anapoondoka nchini. Mwaka 2014 serikali ya Kenya ilisimamisha kupeleka wafanyakazi wa nyumbani Mashariki ya Kati kutokana na malalamiko ya mateso, na mlango ukafunguliwa tena mwaka 2017. Saudi Arabia ililegeza masharti ya kafala, mfumo unaomfunga mfanyakazi kwa mwajiri wake, mwezi Machi 2021, ikawaruhusu wafanyakazi wengi kubadilisha mwajiri, lakini wafanyakazi wa nyumbani wakaachwa nje ya mageuzi hayo. Hilo ndilo jambo ambalo msichana wa Kibera au Kawangware anapaswa kulijua kabla ya kutia sahihi, na halimo katika orodha yoyote ya miji mikuu.

Hata safari zenye heshima zaidi zina mitego yake. Septemba 2024 Kenya na Ujerumani zilitia sahihi mkataba wa kuwawezesha wafanyakazi wenye ujuzi kuhamia huko. Nafasi ni jambo moja, vyeti ni jingine. Kwa kawaida mtu hafungui saluni Ujerumani bila cheti cha Meister (fundi bingwa) au kibali kinacholingana nacho. Huko Texas, kinyume chake, sharti la leseni kwa wasusi liliondolewa mwaka 2015 baada ya mvutano mrefu mahakamani. Kazi ni ileile, vidole ni vilevile, lakini mpaka umebadilisha thamani yake. Msusi wa Kenyatta mwenye uzoefu wa miaka kumi asiye na hata cheti cha mtihani wa ufundi wa Mamlaka ya Kitaifa ya Mafunzo ya Viwanda (NITA) hana cha kuweka mezani Ujerumani, hata kama Texas asingeulizwa leseni.

Sidhani tunahitaji somo jipya, yaliyopo yamejaa. Inatosha kila mwanafunzi wa chuo cha ufundi apewe chombo kimoja cha kazi yake, kiwe pakiti ya nywele, kipuri cha pikipiki au simu, afuate safari yake, kisha asome mkataba mmoja halisi wa ajira ya nje, kifungu kwa kifungu, mbele ya mtu anayeijua sheria. Na walimu wa ususi, msiishie kuwapeleka wanafunzi sokoni kutazama. Waiteni wasusi wa Kenyatta darasani wafundishe, na muwalipe kama mnavyowalipa wahadhiri wageni.