Picha za kale za tarakilishi: Jinsi ya kuzigeuza bila kuziharibu

PICHA iliyo katika tarakilishi haichakai wala kuliwa na mchwa kama ya karatasi. Hata hivyo, yaweza kumpotea mwenyewe ilhali faili yake ingali salama katika diski, kwa sababu programu iliyokuwa ikiifungua haipo tena. Wengi wanapofikwa na hali hii hukimbilia tovuti zinazogeuza faili bila malipo. Tovuti hizo husaidia, ila asiyejua zinavyofanya kazi anaweza kuharibu picha asiyo na nyingine.

Kiini cha jambo ni umbizo, yaani utaratibu wa kupanga data za picha ndani ya faili. Katika miaka ya 1980 kampuni nyingi zilibuni maumbizo yao. ZSoft ya Marekani ilitumia PCX katika programu yake ya uchoraji, PC Paintbrush. Aldus ilitoa TIFF mwaka wa 1986, na CompuServe ikatoa GIF mwaka wa 1987. Kiwango cha JPEG kiliidhinishwa mwaka wa 1992, mwaka ambao Kodak pia ilileta sokoni Photo CD. PNG ilifuata mwaka wa 1996. JPEG, PNG, GIF na TIFF zingali zinatumika. PCX na Photo CD zimeachwa nyuma.

Tambua faili kwanza

Herufi zinazofuata nukta mwishoni mwa jina la faili si ushahidi tosha. Yeyote anaweza kuzibadilisha, na kuzibadilisha hakugeuzi kilichomo ndani. Nakala ya faili ikifunguliwa kwa programu sahili ya kuandikia, herufi zake za mwanzo hufichua asili: GIF huanza kwa GIF87a au GIF89a, BMP kwa BM, na TIFF kwa II au MM. Ukishaona, ifunge bila kuhifadhi chochote.

Kinachopotea

JPEG hupunguza ukubwa wa faili kwa kutupa maelezo ambayo jicho haliyatambui kwa urahisi. Kilichotupwa hakirudi, na kila picha inapohaririwa na kuhifadhiwa upya kwa JPEG huzidi kufifia. GIF nayo hubeba rangi 256 pekee katika picha moja, hivyo picha ya rangi nyingi hutoka na madoadoa. PNG, na TIFF isiyobanwa, hutunza kila pikseli.

Hasara nyingine haionekani upesi. Faili ya Photo CD huweka picha ileile kwa vipimo kadhaa, kikubwa katika toleo la kawaida kikiwa pikseli 3072 kwa 2048. Baadhi ya programu hutoa ile ya 768 kwa 512 tu. Mwenye picha hufurahi kuiona kwenye skrini, asijue kwamba amepata sehemu moja tu kati ya 16 ya pikseli zake. Aidha, baadhi ya tovuti hufuta tarehe ya kupigwa kwa picha iliyohifadhiwa ndani ya faili.

Faraghani mwa nani?

Unapogeuza faili mtandaoni, kwa kawaida picha hutoka katika tarakilishi yako, ikaingia katika seva ya mtu mwingine, kisha ikarejeshwa. Kwa picha ya mandhari hilo si neno. Kwa kitambulisho, hatimiliki ya shamba au picha ya mtoto, ni jambo la kufikiriwa mara mbili. Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya mwaka wa 2019 humpa mtu haki ya kufahamishwa jinsi taarifa zake zitakavyotumiwa, lakini si rahisi kuidai haki hiyo kwa mwenye tovuti asiyejulikana aliko.

Isitoshe, mnamo Machi 2025 ofisi ya shirika la upelelezi la Marekani, FBI, mjini Denver ilitahadharisha umma kwamba walaghai hutumia tovuti za kugeuza faili kupenyeza programu hasidi katika tarakilishi za watu.

Njia iliyo salama zaidi ni kutumia programu isiyohitaji kutuma picha popote. GIMP na ImageMagick hupatikana bila malipo, na zote mbili husoma PCX. ImageMagick husoma Photo CD pia. Zipakue kutoka tovuti za watengenezaji wenyewe.

Aliyelazimika kutumia tovuti na ajaribu kwanza kwa picha isiyo ya siri, achague PNG au TIFF, kisha alinganishe idadi ya pikseli, rangi na tarehe kabla ya kugeuza nyingine. JPEG itengenezwe baadaye, kwa ajili ya kutumiana tu.

Zaidi ya yote, faili asilia isifutwe hata baada ya mpya kupatikana. Huenda kesho ikapatikana programu bora ya kuisoma, na wahenga walikwisha kutuonya: usiache mbachao kwa msala upitao.