Unaenda Kuendesha Marekani? Elewa Leni ya Katikati na Mistari Miwili ya Manjano Kabla Upigwe Tiketi

Ukitua Marekani, kitu ya kwanza wenyeji wako watakuambia ni utafute gari. Sehemu nyingi huko hakuna story ya kuruka mathree kwa steji. Bila ndai hufiki job, hufiki supermarket, hata kanisa unaisikia tu kwa simu. Na kwa sababu wengi wetu tumeendesha huku Kenya miaka, tunadhani kazi ni kuzoea usukani wa kushoto na kukaa upande wa kulia wa barabara, basi. Hiyo unazoea haraka. Kitu inachomea wasee ni rangi iliyopakwa kwa lami.

Kila jimbo liko na sheria zake za barabara, kwa hivyo hapa tutashika California, ndio tusichanganyane. Kama unaelekea Texas, Minnesota ama Georgia, picha kubwa inafanana lakini vipimo vinaweza badilika. Download kitabu cha madereva cha jimbo lako. Ni cha bure, na mtihani wa kuandika unatoka humo humo.

Manjano ikae kushoto kwako

Tangu 1971, mwongozo wa kitaifa wa alama za barabara Marekani unasema hivi: manjano inatenganisha magari yanayokuja na yanayoenda, nyeupe inatenganisha magari yanayoenda upande mmoja. Hii ndio siri ya msee yeyote aliyetoka nchi ya kuendesha kushoto. Ukiwa leni sawa, manjano iko kushoto kwako, upande ule dereva amekaa. Ukiiona iko kulia kwako, toka hapo mbio, uko njia ya wenyewe. Saa kumi na moja asubuhi umetoka shifti ya usiku, barabara iko tupu, macho mazito, mkono unataka kurudi kushoto kama umeshika Mombasa Road. Hapo ndio hii kitu inaokoa maisha.

Sasa, mistari miwili ya manjano iliyoshikana, yote mizima. Maana yake kuu: huruhusiwi kwenda upande ule mwingine kuovateki. Hata kama lori iliyo mbele inatambaa na unaona mbele kuko wazi hadi kesho. Kama ni mstari mzima na mwingine wa kukatika, angalia ule uko upande wako. Wa kukatika, unaweza pita kukiwa salama. Mzima, tulia.

Lakini hapa ndio wasee wengi hukosea, na wanakosea kwa kuogopa sana. Wanafikiria mistari miwili ni kama ukuta, kwa hivyo wanapita geti ya nyumba yao wakienda kutafuta mahali pa kugeukia. Sheria ya California haisemi hivyo. Kifungu cha 21460 kinakuruhusu kuvuka mistari miwili ukikata kushoto kwa makutano, ama ukiingia au ukitoka kwa geti, plot au barabara ya kibinafsi. Hata kupiga U-turn juu yake inaruhusiwa, bora sheria zingine za U-turn zikubali hapo. (Kwa eneo la biashara, kwa mfano, U-turn ni kwa makutano ama kwa uwazi uliowekwa, si mbele ya duka popote unapojiskia.) Lazima ungoje wanaokuja wapite kwanza, hiyo haina mjadala.

Ukuta wenyewe uko, lakini unakaa tofauti. Ukiona seti mbili za mistari miwili, yaani minne jumla, na kati ya seti na seti kuna nafasi ya futi 2 ama zaidi, kama sentimita 60, hiyo sheria inaihesabu kama ukuta wa saruji. Hukati kushoto hapo, hupigi U-turn hapo, hukanyagi hapo. Unangoja mahali wameacha uwazi. Ni rangi tu, na ndio maana watu huidharau, lakini karao atakuandikia vile vile.

Leni ambayo si ya kuendeshea

Haya, tufike kwa leni ya katikati. Kwa zile barabara pana za miji ya California, zenye maduka, petrol stesheni na mikahawa pande zote, utapata leni moja iko katikati kabisa, na haina mwenyewe. Kila upande wake iko na mistari miwili ya manjano: wa nje mzima, wa ndani wa kukatika. Mara nyingi wamechora mishale miwili ya kukata kushoto, kila mmoja unaangalia upande wake.

Kuielewa, kumbuka kona ngumu imehama. Huku Kenya kona inayokukatisha mbele ya magari yanayokuja ni ya kulia. Kule ni ya kushoto. Hiyo leni iliwekwa ndio mtu anayengoja kukata kushoto asisimamishe magari yote nyuma yake, na asigongwe kwa nyuma akingoja. Inatumiwa na pande zote mbili. Wewe unaingia ukitoka huku, mwingine anaingia akitoka kule, na nyote mko sawa kisheria. Ndio maana Wamarekani wenyewe wanaiita leni ya kujiua. Jina hilo lilianza na barabara za zamani za leni tatu, mahali leni ya katikati ilikuwa ya kuovateki kwa pande zote mbili. Fikiria hiyo shida.

Kifungu cha 21460.5 kinasema unaingia humo ukiwa unajiandaa kukata kushoto, ama U-turn inayoruhusiwa, na usiendeshe ndani yake zaidi ya futi 200. Hiyo ni kama mita 61, sawa na matatu kumi na mbili hivi za abiria 14 zikipangwa moja nyuma ya nyingine. Inasound ndefu, lakini ukiwa unaenda maili 40 kwa saa, yaani kilomita 64, unaimaliza kwa sekunde tatu na nusu. So si leni ya kuingia mapema ukitafuta duka liko wapi. Jua kona yako kwanza, washa indiketa, cheki kioo, geuza shingo uangalie bega, angalia pia mbele kama kuna mtu ameshaingia kutoka ule upande, ndio uingie ukipunguza mwendo. Simama humo, magurudumu yakiangalia mbele. Ukiyakunja mapema na ugongwe kwa nyuma, unasukumwa moja kwa moja mbele ya wanaokuja.

Na kama barabara iko na hiyo leni, kitabu cha madereva kinasema lazima uitumie ukikata kushoto. Usisimame kwa leni ya kawaida na indiketa ukizuia watu.

Matumizi ya pili wengi hawayajui. Unatoka petrol stesheni, unataka kwenda kushoto, na magari ya pande zote hayaishi. California inakubali uvuke leni za kwanza, uingie ya katikati, halafu ujiunge na wanaoenda upande wako nafasi ikipatikana. Zile futi 200 bado zinakubana. Majimbo mengine hayaichukulii hii poa, kwa hivyo ndio nilisema usome kitabu cha kwako.

Kile hairuhusiwi kabisa ni ile tabia yetu ya jam. Unajua vile mathree ya Nairobi ikiona foleni inajitengenezea leni katikati, na abiria ndani wanafurahi kimoyomoyo? Kule, kutumia leni ya katikati kuruka foleni ama kuovateki ni kosa, na ukigongana uso kwa uso na mtu aliyeingia kukata kona yake, utakuwa na kazi ngumu kueleza bima ulikuwa unafanya nini hapo. Ambulensi ikikuja na king'ora pia usikimbilie humo. Unasonga hadi ukingo wa kulia na unasimama.

Ukishikwa

Baki ndani ya gari, mikono kwa usukani mahali inaonekana. Usitoke kumfuata afisa vile tumezoea, na usijaribu kumsalimia na noti, juu kesi ya rangi ya barabara itageuka kesi ya jela. Atakupa tiketi uisaini. Kusaini si kukubali kosa, ni kuahidi utaishughulikia kortini.

Faini ya msingi huwa ndogo, lakini inaongezwa ada za jimbo na korti mpaka inakuwa mara kadhaa. Uchungu zaidi ni point. Kosa kama hili kwa kawaida ni point 1 kwa rekodi yako, na kampuni ya bima ikiiona inaweza kukupandishia malipo. Zikifika 4 ndani ya miezi 12, 6 ndani ya 24, ama 8 ndani ya 36, jimbo linakuhesabu dereva mzembe na leseni yako inaingia hatarini. Kwa msee anayelipa rent na kutuma doh nyumbani kwa kuendesha, hiyo ni job imeenda.

Kuna njia ya kutoka. Ukistahili, korti inaweza kukuruhusu kufanya darasa la madereva, hata mtandaoni, na ile point haitaonekana kwa bima. Unapata nafasi hiyo mara moja kila miezi 18. Lakini kama uko na leseni ya malori, na wakenya wengi wako kwa hiyo kazi siku hizi, kosa halifichwi hata ukifanya darasa, na hata kama ulikuwa kwa gari yako ndogo siku ya mapumziko.